Haiku zangu za maua zimetimia hesabu, mbona hazinigusi?

"Mwalimu shikamoo. Nimejipa kazi ya kuandika shairi fupi moja kila siku kuhusu maua ya majira ya joto, alizeti, waridi, asumini, lavenda, chochote ninachokiona. Nimeanza na haiku, yale mashairi ya Kijapani ya mistari mitatu yenye silabi 5-7-5, kwa sababu kila mtu anasema ndo rahisi. Sasa ninazo kama ishirini na karibu zote zimetimia 5-7-5 nikihesabu kwa vidole, ila nikizisoma naona kama maelezo ya chini ya picha. Mfano hii ya alizeti: *Ua la njano / lanipendeza sana / moyo wacheka.* Nyingine ya waridi nataka kuitupa maana mstari wa kati umezidi: *Petali moja / imeanguka mezani / sijaitoa.* Rafiki yangu anayeandika mashairi ya vina anasema hizi sio ushairi, ni sentensi zilizokatwakatwa. Halafu apu ya kuhesabu silabi nayo inanichanganya, eti 'ua' ni silabi moja. Je nibadilishe umbo, niongeze vina, au niache tu? Na haiku inawekewa kichwa?"

Marahaba. Nimelisoma swali lako mara mbili na naona kinachokusumbua sio umbo wala vina, ni kwamba umefuata sheria yote uliyopewa na bado hakuna kilichotokea. Usijilaumu. Sheria uliyopewa ni kipande tu cha haiku, tena kipande rahisi, ndo maana watu wanapenda kukigawa bure. Nitaanza na hesabu ili tuimalize maana hiyo ina jibu la haraka, hayo mengine yanataka tukae kidogo.

Hiyo apu iache. Inaonekana imetengenezwa kwa Kiingereza na inasoma irabu mbili zikikaa pamoja kama sauti moja. Kwa Kiswahili "ua" ni u-a, mizani mbili (mizani ndo silabi zinazohesabiwa kwenye ushairi), na "maua" ni tatu, "jua" mbili. Vidole vyako viko sahihi. Penye utata wa kweli ni kwenye m na n. "Mti" ni m-ti, mbili, kwa sababu ile m ilikuwa "mu" zamani ikapoteza irabu yake lakini haikupoteza nafasi, bado unaisikia ikisimama peke yake. "Mbegu" lakini ni mbe-gu, mbili tu, m imeng'ang'ania b na zinatoka pamoja. Ukitaka kuipima sikio yako sema "mtu mbaya" halafu sema "nyumba mbaya", taratibu. Ya kwanza m-ba-ya, ya pili mba-ya. Neno moja kwa maandishi, mizani tofauti mdomoni. Kwa hiyo hesabu kwa mdomo, sio kwa macho, ukipiga meza kidogo kwa kidole.

Na hapa kuna habari njema ambayo sijui kwa nini haisemwi sana. Wajapani wenyewe hawahesabu silabi kama Waingereza wanavyohesabu, wanahesabu vipande vya sauti, ambapo irabu ndefu ni vipande viwili na n ya mwisho wa silabi ni kipande chake chenyewe. Tokyo kwao ni to-o-kyo-o, vinne. Sasa sisi tuna m inayosimama peke yake na irabu zinazotamkwa kila moja kwa zamu yake, yaani masikio yetu tayari yamekaa upande huo. Mwandishi wa Kiingereza anapambana kuileta 5-7-5 kwenye lugha yake, wewe unaingia tu kama mtu wa nyumbani.

Lakini kuna gharama. Maneno yetu ni marefu kwa sababu kitenzi kinabeba kila kitu mgongoni. "Hayajafunguka" ni mizani sita, tayari imezidi mstari wa kwanza. "Yatakapochanua" ni saba, mstari mzima wa kati umekwisha kwa neno moja. Ukisema "majira ya joto" umetumia sita. Ndo maana watu wengi wakiandika haiku ya Kiswahili wanakimbilia vijineno kama "sana", "tu", "hiki", "wee", sio kwamba wana cha kusema navyo, ni vya kujazia pengo lililobaki. Angalia "lanipendeza sana" yako. Hiyo "sana" iko pale kwa sababu ulikuwa na tano ukataka saba. Niambie kama nakusingizia.

Sasa tuje kwenye kile usichoambiwa. Haiku haikuzaliwa peke yake. Ilikuwa ubeti wa kufungua mashairi marefu ya kupokezana ambayo watu waliyatunga wakiwa wamekaa pamoja, na huo ubeti wa ufunguzi ulikuwa na kazi mbili, utaje majira waliyomo na uwe umekatika mahali fulani ili usimame wenyewe. Masaoka Shiki, aliyeishi 1867 hadi 1902, ndiye aliyeutenga rasmi na kuuita haiku. Kwa hiyo vitu vitatu: hesabu, neno la majira, na mkato. Wewe umepewa cha kwanza tu.

Neno la majira linakusaidia kuliko unavyofikiri. Wajapani wana makamusi mazima ya maneno hayo, na humo alizeti ni joto, yungiyungi la maji ni joto, hidrenjia pia. Maana yake ukishasema alizeti umeshasema majira, hakuna haja ya kuandika "kiangazi" wala "joto" wala "jua kali", unarudia kitu kilekile kwa mizani ambazo huna. Kuna kituko kimoja humo ninachokipenda: lile ua la asubuhi linalotambaa na kufunga kabla ya mchana, asagao, linachanua Julai na Agosti lakini kwenye kamusi hizo limepangwa kwenye vuli, kwa sababu kalenda ya zamani ilihesabu vuli inaanza mapema Agosti. Kwa hiyo usiogope sana sheria za majira, hata zenyewe zina kona zake. Chukua tu ile akili ya kwamba jina la ua linabeba hali ya hewa, urefu wa siku na hata saa.

Mkato ndo moyo wa jambo. Haiku inaweka vitu viwili jirani na kunyamaza katikati, msomaji ndo anaruka hilo pengo mwenyewe, na ule mruko ndo unaousikia kama mguso. Yako ya alizeti haina pengo. Ua la njano, linapendeza, moyo unacheka, ni mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye ua hadi kwenye hisia na umemshika msomaji mkono njia nzima. Hana pa kuruka. Rafiki yako anaposema ni sentensi iliyokatwa, kwa hiyo moja ana haki, ingawa sababu aliyoitoa sio.

Kuna kitu kingine kinachotubana sisi tunaoandika kwa Kiswahili na nadhani ndo kikubwa kuliko vyote. Katika ushairi wetu ua karibu kila mara sio ua. Ukisema waridi msikilizaji ameshageuza shingo kuangalia ni binti gani anasifiwa, ukisema asumini anajua kuna mapenzi humu, ukisema ua limenyauka anauliza nani ameachwa. Huo ni utajiri, siudharau hata kidogo, nimeula miaka mingi. Lakini ndo sababu tukiandika ua tunakimbilia "lapendeza" na "moyo", tunasifu kabla hatujaangalia. Umbo fupi linataka kinyume, ua liwe ua kwanza. Petali ngapi zimedondoka, nyuki yuko upande gani, harufu inakuja saa ngapi. Kama kuna fumbo litajitokeza lenyewe baadaye, na likijitokeza lenyewe lina nguvu kuliko ulilolichomeka.

Basi tuichukue alizeti yako. Usiangalie uzuri wake, angalia inafanya nini. Alizeti changa hulifuata jua, asubuhi inatazama mashariki, jioni imegeuka magharibi, usiku inarudi. Lakini ikishakomaa na kufunguka vizuri inaacha hiyo kazi, shingo inakakamaa na uso unabaki mashariki, unapata joto mapema asubuhi na nyuki wanaupenda zaidi kwa hilo. Watu wengi wanadhani alizeti hugeuka maisha yake yote na mashairi mengi yamejengwa juu ya kosa hilo. Sasa simama shambani jioni, jua linashuka nyuma yao na wao wote wamelipa mgongo. Mimi nimejaribu hivi:

*Jua lazama —*
*alizeti yangoja*
*linakotoka.*

Tano, saba, tano. Hakuna "nzuri", hakuna moyo, hata rangi ya njano sikuitaja maana nani hajui alizeti ni ya njano. Na angalia ile "linakotoka", neno moja limejaza mstari mzima na limebeba jua, mahali na mwendo. Ule urefu wa vitenzi vyetu niliousema kama gharama, ukipata kitenzi sahihi ndo unakuwa faida. Sisemi hii ni haiku bora, nakuonyesha tu pengo liko wapi: liko kwenye kile kistari baada ya "lazama".

Wajapani wana vijineno maalumu vya kukata. Sisi hatuna kwa jina hilo ila tunacho "kumbe", na sioni watu wakikitumia vya kutosha. "Kumbe" inageuza kichwa cha msomaji ghafla, mizani mbili tu. *Mvua yaanza — / kumbe ndani ya ua / nyuki kalala.* Ukitoa "kumbe" pale unabaki na taarifa ya hali ya hewa na mdudu. "Lo" nayo ipo, ila hiyo nakushauri uitumie mara moja kwa mwaka, inachosha haraka.

Sasa vina. Rafiki yako asikuogopeshe lakini pia usimpuuze, yeye anasimama kwenye jengo la zamani na imara. Haiku haina vina na sababu sio uvivu. Maneno ya Kijapani yanaishia kwa irabu chache, kufananisha mwisho ni rahisi mno kiasi kwamba hakuna thamani. Kiswahili kina irabu tanotano vilevile, na ndo maana arudhi yetu, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, haikubali kina cha irabu tupu, inataka silabi nzima, -ma na -ma, -ki na -ki. Tumepandisha bei ya kina ili kiwe na uzito. Kwa hiyo hizi ni njia mbili za kutatua tatizo lilelile, wao wamekiacha, sisi tumekikaza. Ukichukua haiku ukaibandika kina mwishoni mara nyingi inageuka kuwa kibwagizo cha watoto, kwa sababu mistari mitatu mifupi ikifungwa na kina inagonga kama mlango na lile pengo tulilolipigania linazibwa.

Ukitaka vina nenda kwenye tathnia moja kwa moja, ubeti wa mishororo miwili, mizani nane kwa nane. Alizeti ileile:

*Jioni jua lazama, alizeti haichoki,*
*mashariki yatazama, na shingo haigeuki.*

Inaimbika, unaisikia. Ina kina cha kati na cha mwisho na inaweza kukaa kichwani mwa mtu wiki nzima, kitu ambacho haiku haifanyi kirahisi. Ila ngoja nikuungamie, ile "haichoki" nimeiweka kwa ajili ya -ki. Alizeti haina habari ya kuchoka wala kutochoka. Mwenye sikio atanikamata, na nikitaka kuiokoa itabidi nikae nayo siku mbili. Hiyo ndo bei ya tathnia: mizani 32 badala ya 17, na kina kitakudai kitu ambacho hukukiona shambani.

Kwa hiyo ubadilishe umbo? Kwa siku kumi hivi ndiyo, nadhani itakufaa, sio kwa sababu haiku imekushinda bali mkono wako umeshazoea kujaza 5-7-5 kama fomu. Ile "moyo wacheka" yako mimi naiona kama tanka iliyobanwa. Tanka ni haiku iliyoongezewa mistari miwili ya saba saba, jumla 31, na huko chini ndipo mtu anaruhusiwa kusema alivyosikia. Wewe una hisia za kusema, zipe chumba chao badala ya kuzisukumiza kwenye mizani tano za mwisho. Kama unajikuta unajiandika wewe kuliko ua, kwa mfano unavyopiga chafya kwenye lavenda, hiyo ni senryu, hesabu ileile lakini macho kwa binadamu na inaruhusu ucheshi.

Ila ningekuwa wewe ningeanza na sinkweni. Adelaide Crapsey, Mmarekani aliyefariki 1914 akiwa bado kijana, alitengeneza umbo la mistari mitano, 2-4-6-8-2, jumla 22. Uzuri wake uko kwenye ule mwisho, umepanda ngazi hadi nane, pumzi imejaa, halafu ghafla unashuka kwenye mbili. Huwezi kuandika "sana" pale, mizani mbili za mwisho zikiwa hewa kila mtu anaona. Hii ni ya asumini, ambayo harufu yake hukolea usiku wakati ua lenyewe hulioni:

*Giza —*
*dirishani*
*ua silioni,*
*asumini yanukia*
*ndani.*

Utakuta huko mitaani sinkweni nyingine ya shuleni inayohesabu maneno, nomino moja, vivumishi viwili na kadhalika. Ni zoezi zuri la sarufi, ushairi utatokea kwa bahati. Na kuna umbo la fibu, 1-1-2-3-5-8, kuanzia mstari wa tatu kila hesabu ni jumla ya mbili zilizotangulia, ambalo linatamanisha kwa alizeti kwa sababu mbegu zake zimejipanga kwa mizunguko inayofuata namba hizohizo, mara nyingi 34 upande mmoja na 55 upande mwingine. Nililijaribu. Kiswahili hakina maneno ya mizani moja ya maana, hata "nzi" ni mbili, unaanza na "je" na "si" kama mtu anayegugumia. Kama utalifaulu niletee nilione.

Kuna sehemu ambayo maandishi yangu hayakusaidii. Mizani na mkato ni vitu vya sikio, na sikio lako mwenyewe linakudanganya kwa sababu linajua ulichokusudia. Tafuta mtu mmoja, hata huyohuyo rafiki wa vina, mkae ana kwa ana, umpe karatasi akusomee kwa sauti bila wewe kumwelekeza. Pale atakapojikwaa pana tatizo la mizani. Pale atakapomaliza na kukuangalia akisubiri zaidi, hujamwachia pengo, umemwachia shimo, na hivyo viwili havifanani. Kama unataka kuingia kwenye tathnia na tarbia (ubeti wa mishororo minne) kwa dhati tafuta anayeghani, kaa karibu naye umsikie anapovuta na anapokatisha, hiyo haifundishiki kwa kuandikiana. Na kama una mpango wa kupeleka kazi kwenye mashindano waulize waandaaji mapema kama wanahesabu mizani kwa ukali, maana wengine watakutoa kwa moja iliyozidi na wengine hawajali.

Kichwa: haiku haiwekewi. Kichwa kinakuwa mstari wa nne unaomnong'oneza msomaji jibu kabla hajaruka. Sinkweni inaweza kuwa nacho, Crapsey mwenyewe aliviweka, ila kisirudie kilichomo ndani.

Na ile ya waridi usiitupe. Nimeihesabu, ni kweli mstari wa kati ni nane: i-me-a-ngu-ka-me-za-ni. Unaweza kuirekebisha kwa dakika moja, "yaanguka mezani", saba kamili, vidole vyako vitafurahi. Lakini "yaanguka" inaanguka sasa hivi mbele ya macho yako, na "imeanguka" imeshaanguka, imelala pale, labda tangu jana, watu wamekula na kuondoka na meza imefutwa kuizunguka. Ukibadilisha kitenzi, "sijaitoa" inakosa pa kusimama, utatoaje kitu ambacho bado kiko hewani? Iache na nane yake.